Tyubu ya Sabini na Nne

Nywele za Kui nazijua kuliko ninavyozijua zangu. Nimemsuka tangu tulipokuwa wapangaji wa ploti moja hapa Kabiria, kabla sijafungua saluni, kabla bintiye Ciru hajazaliwa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza kuona. Kwanza zilikauka, zikawa zinabaki kwenye kitana. Halafu nyusi: upande wa nje wa kila jicho zikapukutika, akabaki na vijipande viwili karibu na pua. Nikawa namchorea kwa wanja na kumuuzia mafuta ya nazi yaliyochanganywa na maji ya kitunguu. Hadi leo naona haya nikiyakumbuka yale mafuta.

Mimi naitwa Rachael. Ninayesimulia habari zake ni Wangui, ambaye sote tunamwita Kui au Mama Ciru, mke wa Haron anayeendesha basi la shule moja ya msingi huko Riruta. Ana miaka arobaini na miwili na kazi yake ni kuosha. Kila asubuhi huenda mjini, ghorofa ya nne ya jengo moja nyuma ya barabara ya Moi, kwenye maabara ndogo ya utafiti, akaosha vyombo vya kioo ambavyo wataalamu hutumia kupima damu. Miaka kumi na mmoja sasa. Ukimwambia hiyo ni kazi ya kuosha vyombo kama nyingine, atakueleza mpaka ujute: sabuni yake si ya dukani, maji ya mfereji ni mara saba, maji yaliyochujwa ya maabara ni mara tatu, kisha tyubu, vile vichupa vyembamba vya kupimia, zinakaushwa kwenye tanuri zikiwa zimeinamishwa.

"Tone moja la sabuni likibaki," husema, "daktari anasoma uongo."

Huyo ndiye Kui ninayemjua mimi. Lakini kwa miaka sita hivi alikuwa amepotea, na aliyebaki mahali pake alikuwa mtu mwingine. Kanisani alikuwa akiimba sauti ya kwanza, ile ya juu, mpaka watu wa nje wanageuza shingo. Sauti ikamshuka ikawa ya kukwaruza, wakamhamishia sauti ya pili, mwisho akaacha kwaya mwenyewe. Akawa anavaa sweta mbili mwezi wa kwanza, jua likiwa kali, sisi wengine tumekaa kwa mlango tukijipepea. Akaongeza kilo ilhali chakula alikuwa hakigusi. Alikuwa akiketi kwenye kiti changu cha kusukia na kabla sijamaliza mstari wa pili ameshalala, kichwa kimeanguka kifuani.

Alizunguka zahanati. Mmoja alimpa vidonge vya damu, mwingine akamwambia ni mawazo, wa tatu akamwambia, "Mama, ni umri." Haron si mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka kurudi nyumbani na kumkuta mkewe kwenye kochi na masufuria ya jana. Siku moja alisema mbele yangu, "Siku hizi umekuwa mvivu, Mama Ciru. Mvivu kabisa." Kui aliniambia baadaye kwamba alikubaliana naye.

Sasa sikiliza ilivyotokea.

Mwaka jana maabara ilipata utafiti mpya. Kiongozi wake alikuwa Daktari Muasya, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye ana kliniki yake karibu na Woodley. Alikuwa akitafiti tezi dundumio, ile tezi ya shingoni yenye umbo la kipepeo, na hasa ugonjwa unaoitwa Hashimoto, ambapo askari wa mwili, wale wa kupigana na magonjwa, huigeukia tezi yao wenyewe na kuishambulia mpaka inavimba na kuchoka. Daktari alitaka kujua kama damu ya wanawake wenye ugonjwa huo ina alama za kuungua zaidi kuliko damu ya wanawake wazima. Alihitaji wagonjwa sitini na wazima arobaini.

Wagonjwa walipatikana upesi. Wazima ndio walikosekana! Nabiha, muuguzi wa utafiti, mzaliwa wa Malindi, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuwatafuta. Siku moja wakinywa chai ya saa nne alilalamika, "Yaani Nairobi nzima sipati mwanamke mzima! Huyu ana presha, yule ana sukari, mwingine anaogopa sindano. Nina ishirini na sita tu."

"Na mimi je?" Kui akauliza. "Mimi ni mzima. Nachoka tu."

"Nani Nairobi hachoki?" Nabiha akasema, wakacheka wote wawili.

Daktari Muasya alifikiri siku nzima kabla ya kukubali. Alitaka kwanza kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyemsukuma Kui, na kwamba jina lake halitaonekana popote. Basi Kui akasomewa fomu, akaulizwa kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa tezi, akasema hapana, nao ndio ulikuwa ukweli aliokuwa nao. Damu ikatolewa. Nabiha akachomoa namba kutoka bahasha, akaiandika kwenye kitabu, akakifungia kabatini. Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa Nabiha peke yake. Kui hakujua namba yake, na Wambua, mtaalamu wa kupima, hakujua namba yoyote ni ya nani. Alijua tu kwamba kuanzia sitini na moja kwenda juu ni wazima.

Kipimo chenyewe Kui alikipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu kinaonekana kwa macho. Unachanganya damu iliyochujwa na dawa fulani, unachemsha tyubu kwenye maji ya moto, na rangi inatokea. Mafuta ya mwilini yaliyoungua huigeuza dawa kuwa ya waridi. Kadiri yalivyoungua zaidi, ndivyo waridi inavyokolea. Mashine ya kusoma rangi huja baadaye kuweka namba tu.

Siku ya kupima ilipofika Wambua alianza na wale wazima ishirini na saba ili aone mambo yanakwendaje. Kui alikuwa kwenye sinki lake. Wambua akainua kikapu cha tyubu kutoka kwenye maji yanayochemka, na wote wawili wakaona kwa pamoja. Tyubu ishirini na sita zilikuwa kama maji ya mchele, nyingine zikiwa na wekundu kidogo sana wa haya. Moja ilikuwa ya waridi kama juisi ya mapera.

"Sabini na nne," Wambua akasoma. Akageuka. "Mama Ciru, hii tyubu haikuoshwa vizuri."

Kui anasema moto ulimpanda kutoka miguuni. Alikuwa hajasikia moto mwilini kwa miaka.

"Wambua, sema tena?"

"Si mchezo, madhe. Hawa wote ni wazima, na moja tu imegeuka hivi. Lazima kulikuwa na uchafu."

"Miaka kumi na mmoja! Wewe ukiwa bado unafunga tai ya shule mimi naosha hizi tyubu. Chukua za plastiki, mpya, zile za pakiti ambazo mkono wangu haujagusa. Rudia sasa hivi, nikiona."

Akafunga mfereji, akajipangusa mikono, akasimama pale. Wambua ni kijana mwenye heshima, na pia ni mtu asiyependa kuacha swali likining'inia, kwa hiyo akachukua pakiti mpya, akaifungua mbele ya Kui, akapima tena damu ya sabini na nne na ya majirani zake wawili. Saa nzima Kui alisimama, yeye ambaye kupanda ngazi kulikuwa kunamlazimu kupumzika kila ghorofa. Kikapu kikainuliwa. Majirani weupe. Sabini na nne, juisi ya mapera.

"Dawa labda," Wambua akanong'ona. Akachanganya dawa nyingine, akarudia mara ya tatu. Waridi.

Ndipo Wambua akavua glavu, akampa Kui mkono. "Nisamehe, Mama Ciru. Tyubu yako ilikuwa safi. Hii ni damu yenyewe."

Jioni ile Kui aliingia saluni kwangu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Rachael, nimemshinda! Mara tatu!" Akanieleza yote huku akipiga meza, mpaka mteja wangu aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa asikie. Halafu akatulia, uso ukabadilika. "Lakini huyo mama namba sabini na nne, maskini. Hata hajui. Anatembea mahali hapa Nairobi akidhani ni mzima."

Kesho yake Daktari Muasya aliziangalia zile namba, akamwambia Nabiha afungue kabati. Kui alikuwa anasuuza chupa aliposikia hatua za Nabiha nyuma yake.

"Kui, dada yangu. Funga maji."

"Nimebakiza mbili."

"Funga, habibti."

Anasema alijua kabla hajageuka. Si kwa maneno. Alijua kwa sababu Nabiha hakuwahi kumwita habibti, yaani mpenzi wangu.

Walimketisha ofisini. Daktari Muasya alisimama nyuma yake, akaweka vidole pande zote mbili za koo na kumwambia ameze mate. Tezi ilikuwa imevimba kidogo, ngumu kama mpira. Kisha daktari akaketi mbele yake.

"Kwanza nikueleze. Ile rangi si kipimo cha ugonjwa. Damu inaweza kuwa vile kwa sababu ya sigara, kisukari, mambo mengi. Lakini imenifanya nitake kukuuliza. Unasikia baridi?"

"Naam."

"Hata wakati wa jua?"

"Mwezi wa kwanza navaa sweta mbili."

"Choo kigumu? Ngozi kavu? Unasahau vitu?"

"Naam. Naam. Juzi nilisahau jina la shule ya mtoto wangu."

"Sauti imebadilika?"

Hapo Kui akasimama. Hakuweza kukaa. "Daktari, nani amekuambia? Nani amekuambia habari ya sauti?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni ugonjwa unaosema."

Kui anasema ilikuwa kama mtu asiyemjua anamsomea barua aliyoiandika mwenyewe miaka sita iliyopita na asiipeleke posta. Kila swali lilikuwa lake. Akawa anacheka na machozi yanatiririka, na Nabiha akimshika bega na kusema, "Taratibu, taratibu," huku yeye mwenyewe akilia.

Damu ikapelekwa kupimwa homoni siku hiyo hiyo. Kuna homoni ambayo ubongo hutuma kuiamsha tezi. Kwa mtu mzima kipimo chake huwa kama mbili, tatu, nne. Cha Kui kilikuwa tisini na sita! Ubongo ulikuwa unapiga kelele usiku na mchana, na tezi haiamki. Askari wanaoishambulia tezi nao walikuwa wamejaa damuni. Hashimoto, bila shaka yoyote.

"Kwa hiyo si uvivu?" Kui akauliza.

"Si uvivu."

"Si umri?"

"Una miaka arobaini na miwili, Wangui. Si umri."

"Niandikie."

"Naandika dawa sasa hivi."

"Dawa pia, Daktari, asante. Lakini kwanza niandikie hiyo nyingine. Kwamba si uvivu."

Daktari Muasya, mama asiyependa maneno mengi, alichukua kalamu. Kisha akavuta karatasi yenye jina la kliniki yake juu, akaandika: *Bi. Wangui si mvivu. Ni mgonjwa, na atatibiwa.* Akatia sahihi. Akapiga muhuri.

Karatasi ile niliiona mimi kabla ya Haron kuiona, kwa sababu saluni yangu iko njiani. Kui aliingia akiipunga. Niliisoma, kisha nikaangalia nyusi nilizokuwa nikizichora miaka yote hiyo. Nikamwambia, "Kui, yale mafuta..." Akasema, "Wachana na mafuta! Twende!" Akanivuta mkono, nikamwacha mteja na nusu ya kichwa.

Haron alikuwa ameegesha basi kando ya barabara akifuta vioo. Kui alimpa karatasi bila salamu. Haron aliisoma, akarudia kuisoma, akaketi kwenye ngazi ya basi.

"Nilikuita mvivu mara ngapi?" akauliza.

"Sikuwa na nguvu ya kuhesabu."

Haron akainamisha kichwa. Ni mtu mkubwa, mabega kama mlango, na nilimwona akijifuta macho kwa kile kitambaa cha vioo. "Kui, nifanye nini sasa? Niambie kitu cha kufanya. Nipe kazi."

Na kazi ilikuwepo, kwa sababu Kui, hata katika siku ile, alikuwa anafikiria utafiti. Yeye alikuwa ameondolewa kundi la wazima, na ilifaa aondolewe. Wazima wakabaki ishirini na sita. Walihitajika arobaini. Na mashine ya kusoma rangi ilikuwa ya kuazimwa, ilitakiwa irudi kwa wenyewe Jumatatu iliyofuata. Ilikuwa Jumanne.

"Basi lako linafanya nini Jumamosi?" Kui akamuuliza.

Mwalimu mkuu alitoa ruhusa basi litubebe. Alhamisi jioni Nabiha alikuja mwenyewe Kabiria, akasimama katikati ya saluni yangu akiwa na buibui lake na fomu zake, akawaeleza wanawake waliojaa mpaka mlangoni kwamba damu ni kidogo tu, kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba mtu anaweza kubadili nia hata akiwa ameshakaa kwenye kiti. Kui alisimama kando yake akitaja masharti: miaka thelathini na mitano hadi hamsini, asiwe na ugonjwa anaoujua, asivute sigara, na asinywe chai Jumamosi asubuhi.

"Ati nini?" Anita, anayeuza samaki wa kukaanga hapa kwenye steji ya matatu, akauliza. "Damu mchukue. Lakini chai?"

Hilo la chai ndilo lililoleta mjadala mrefu kuliko sindano. Mwishowe tulijiandikisha kumi na sita, ili wawili wakikosa tusipungukiwe. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa na deni la mafuta.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu basi la njano la watoto lilitoka Kabiria likiwa na wanawake kumi na sita wenye njaa. Magoti yetu yaligusa videvu kwa sababu viti ni vya watoto. Tulipopita Naivasha Road watu wa Riruta wakifungua maduka walitukodolea macho. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, tukaimba kwa sauti kubwa mpaka Ngong Road. Haron mbele alikuwa amevaa shati la harusi. Tulipofika mjini Anita aliona sindano ya kwanza, akatangaza kwamba yeye ni jasiri, akazirai. Alipozinduka akakasirika kwamba foleni imemruka, akadai achomwe sasa hivi, na akachomwa.

Tukiwa tunangoja, Daktari Muasya alipita, nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua: kitu gani hasa kinachounguza? Nilitegemea aniambie nitoke njiani. Akasimama.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Saluni."

"Peroksaidi unaijua?"

Nitakosaje kuijua! Ndiyo tunayochanganya na dawa ya rangi mtu akitaka nywele za dhahabu. Ukiiacha dakika chache zaidi inaunguza ngozi ya kichwa.

"Tezi hujitengenezea peroksaidi yake yenyewe," akasema. "Bila hiyo haiwezi kutengeneza homoni. Kwa hiyo siku zote ina kitu kikali ndani, na siku zote ina walinzi wa kukizima mara kazi inapokwisha. Sasa askari wakiingia kwa fujo na uvimbe ukaanza, ukali unaongezeka na walinzi wanazidiwa. Kitu kile kile cha kazi kinaanza kuichoma tezi. Vitabuni huitwa mkazo wa oksidi. Sehemu ya moto huo huvuja mpaka kwenye damu, na ndiyo ile rangi mliyosimuliwa."

Nilielewa. Ninawaambia kweli, nilielewa mpaka nywele zikanisimama. Miaka kumi na minane nimeshika ile chupa na kuangalia saa, na kumbe shingoni mwangu mna chupa nyingine, na kuna anayeangalia saa.

Wenzetu walirudi na Haron baada ya kunywa chai iliyotayarishwa na Nabiha, vikombe viwili viwili. Mimi nilibaki na Kui. Mchana kucha Wambua alifanya kazi. Mnamo saa tisa alipanga kikapu kimoja: safu ya nyuma wagonjwa, safu ya mbele sisi wa Kabiria, akakitia kwenye maji yanayochemka. Mlango wa maabara una kioo. Mimi nilikuwa nje yake. Kui alikuwa ndani, kwenye sinki, na alikuwa ameacha kujifanya anaosha.

Wambua akainua.

Sikuhitaji mtu kunieleza. Safu ya nyuma ilikuwa imeona haya! Nyingine waridi hafifu, nyingine waridi ya mashavu ya mtoto mchanga, nyingine juisi ya mapera kabisa. Safu ya mbele ilikuwa maji ya mchele. Si zote sawasawa, kuna moja mbele iliyokuwa na wekundu kidogo na mbili nyuma zilizokuwa nyeupe, lakini ukisimama mbali kama nilivyosimama mimi, ilikuwa ni safu mbili, rangi mbili. Wambua alipiga kelele kama watu wanavyopiga bao linapoingia. Nabiha akaja mbio akisema, "Allahu akbar, hebu nione, hebu nione!" Kui alikuwa ameshika kinywa kwa mikono miwili yenye glavu. Nami nje ya kioo nilikuwa narukaruka kama mtoto, mlinzi wa jengo akiniuliza, "Mama, kuna nini? Kuna nini?"

"Tumeonekana!" nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mashine ilisoma tyubu zote Jumapili, ikarudi kwa wenyewe Jumatatu. Hesabu zilipopigwa, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa kubwa kiasi kwamba Daktari Muasya alisema haiwezi kuwa bahati. Nasi tuliopanda basi tulipimwa homoni pia. Mmoja tu aliitwa kando akaambiwa aje tena, na jina lake ni siri yake.

Kui alianza kumeza kidonge chake kimoja kila alfajiri, tumbo likiwa tupu. Wiki mbili za kwanza hakuona kitu, akaanza kununa. Wiki ya tano alipanda ngazi za ghorofa zote nne bila kusimama, akashuka, akapanda tena ili ahakikishe. Alipompigia Haron kumwambia, alikuwa anahema na kucheka. Mwezi wa tatu wa dawa alivua sweta. Haron, ambaye alikuwa amejifunza kupika githeri kwa sababu ya ugonjwa huo, amegoma kuacha kupika, na sasa tunavumilia.

Jamaa mmoja wa Riruta aliposikia habari hizi alimletea mkebe wa vidonge, eti vya kuzima moto wa tezi. Kui aliupeleka kwa Daktari. Daktari akamwambia kidonge chake kinajaza homoni iliyopungua, basi. Kuhusu kuzima moto wenyewe, watu wanapima dawa mbalimbali duniani na majibu bado yanapingana. Asimeze kitu cha mkebe. Kui alimrudishia yule jamaa mkebe wake, akamkalisha dakika arobaini akimweleza. Siku hizi jamaa huyo akimwona Kui huvuka barabara.

Mwezi wa kwanza mwaka huu utafiti ulionyeshwa kwenye mkutano wa madaktari katika hoteli moja mjini. Kui alialikwa, akanialika mimi. Kulikuwa na karatasi kubwa ukutani yenye michoro, na chini, kwenye orodha ya walioshukuriwa, kulikuwa na jina Wangui. Daktari mmoja kijana mwenye miwani alisimama mbele ya karatasi hiyo, akamwuliza Wambua wana hakika gani kwamba vyombo havikuwa na uchafu, maana kipimo hiki hudanganyika upesi.

Wambua akamwelekezea Kui kwa mkono. "Muulize yeye."

Nikamwona Kui akivuta pumzi. Akaanza na sabuni. Akaenda kwenye mfereji mara saba, maji yaliyochujwa mara tatu, tanuri, na jinsi tyubu ishirini na sita zilizopita mikononi mwake siku moja zilivyotoka nyeupe, na moja ikatoka waridi hata kwenye plastiki mpya. Sauti yake ilikuwa juu na safi. Watu wa karatasi za jirani wakasogea. Alipomaliza, yule kijana akamshukuru na kuandika kitu kwenye daftari.

Lakini Kui hakuwa amemaliza. Alimgeukia Daktari Muasya mbele ya watu wote.

"Daktari, mimi pia nina swali. Kipi kinaanza? Moto unawasha askari, au askari wanawasha moto?"

"Hatujui," Daktari Muasya akasema. "Hilo ndilo swali kubwa lenyewe. Ungehitaji kuwafuata watu kabla hawajaugua. Ndugu zao, kwa mfano. Miaka kadhaa."

"Nina dada wawili Kinangop," Kui akasema. "Muthoni na mdogo wetu. Na Rachael hapa anajua saluni zote kutoka Kabiria hadi Kawangware. Tunaanza lini?"

Daktari alicheka, mara ya kwanza namwona akicheka. Wakaanza mwezi wa pili.